Kesi ya kodi: akitoka na dhamana, nani anaweza kubadilisha masharti yake?

Karavia, kila mutu wa Lubumbashi anaijua. Barabara ya Golf, hoteli kubwa, ziwa, nyumba zenye kuta ndefu na mulinzi kwa mulango. Njo pale wakubwa wa madini wanafanyia mikutano yao, na wageni wenye makuta wanalala pale. Sasa mutu akifungwa juu ya kodi, kisha siku chache anaonekana Karavia anakunywa kahawa na wenzake, neno linatembea mbio mupaka Katuba, mupaka Kenya (ile Kenya ya kwetu, haiko ya Nairobi). Watu wanasema: « Alilipa, njo maana alitoka. Kesi imekufa. »

Kesi haijakufa. Yule mutu ametoka kwa uhuru wa muda, liberté provisoire kama tunavyozoea kuiita, na mara nyingi anabeba masharti mukononi: asitoke muji, aende kusaini siku fulani, asifike mahali fulani. Kitu ambacho wasikilizaji wachache wanajua, na ambacho kwa kesi za kodi kinaumiza sana, ni kwamba haya masharti hayako jiwe. Yanaweza kubadilishwa, yakalegezwa ao yakakazwa. Swali ni nani anashika ufunguo.

Tuanze na sheria yenyewe, kwa sababu hapa watu wengi wanachanganya mambo. Katiba ya 2006, kifungu cha 17, inasema uhuru wa mutu njo kanuni, na kufungwa njo kitu cha pekee. Kifungu hicho hicho kinasema mushitakiwa anahesabiwa kuwa hana kosa mupaka hukumu ya mwisho. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ni ya tarehe 6 mwezi wa nane 1959. Ndiyo, ni ya wakati wa Wabelgiji. Imerekebishwa mara kadhaa lakini mifupa yake ni ile ile. Kifungu chake cha 32 kinaruhusu muamuzi, mushitakiwa akiomba, kumuachilia kwa muda, akiisha kuweka makuta kwa karani wa tribinali. Hii njo dhamana, ile kila mutu anaita caution.

Angalia sasa dhamana inalinda nini. Sheria inataja mambo mawili: mushitakiwa afike kila mara anaitwa, na kama atahukumiwa kifungo, ajitoe akatumikie. Basi. Haisemi dhamana inalipa kodi. Makuta ya dhamana yanakaa kwa karani, na mwenyewe anapaswa kupewa karatasi ya kuonyesha aliyaweka. Kodi inalipwa kwa njia yake, kupitia banki, kwa akaunti ya hazina ya serikali. Hizi ni mifuko miwili. Mutu anaweza kulipa dhamana yote na akabaki na deni lote la DGI juu ya kichwa. Anaweza pia kushinda kesi yake na kurudishiwa dhamana yake.

Hapa kesi za kodi zinatofautiana na kesi ya mwizi wa kuku. Katika kesi ya kodi, serikali njo inasema « uliniibia », serikali njo inasema « unanidai », na serikali tena, kupitia parke, njo inasema « ukae mahali hapa ». Jaribu la kutumia masharti ya dhamana kama koleo la kukamulia kodi ni kubwa. Naona ni vibaya, na sisemi hivyo kwa kuhurumia matajiri. Kama dhamana inageuka kuwa malipo ya kodi ya mbele, basi muamuzi amekwisha kuhukumu kabla ya kusikiliza.

Sheria haitaji kiwango cha dhamana. Muamuzi anapima mwenyewe. Lakini kwa masharti, kifungu cha 32 kinataja wazi yale yanayoweza kuwekwa: kuishi mahali ambapo mwendesha mashtaka iko na kiti chake, kutotoka nje ya umbali fulani bila ruhusa ya mujaji anayechunguza, kutofika mahali fulani kama vile gare ao bandari, kujionyesha kwa wakati mbele ya mujaji ao mutumishi aliyechaguliwa, na kufika mara tu anapoitwa. Juu ya hayo kuna sharti moja la kila mutu: asizuie uchunguzi na asilete aibu mbele ya watu kwa mwenendo wake. Kwa hiyo yule anayetoka Kasapa asubuhi na jioni anafunga barabara kwa fête, muziki mupaka saa kumi ya usiku, afikiri mara mbili.

Tuchukue mufano wa kufikiri tu, asitafutwe mutu. Mufanyabiashara anaishi Karavia, iko na malori yanayopita Kasumbalesa, kilometa kama 90 kutoka Lubumbashi, kwa mupaka wa Zambia. DGI inasema faktire zake ni za uongo. Parke inaongeza kosa la kughushi, kwa sababu faktire ya uongo ni karatasi ya uongo, na kwa sheria yetu ya makosa kughushi kunapewa miezi sita mupaka miaka tano ya kifungo. Anaachiliwa na dhamana. Masharti: asitoke Lubumbashi, asifike Kasumbalesa wala uwanja wa ndege wa Luano, asaini parke Jumatatu na Alhamisi.

Siku ya kwanza, masharti yanaonekana mepesi. Yuko kwake, analala kwa kitanda chake, watoto wanamuona. Kisha mwezi wa tatu unafika na kesi haijasogea. Malori yamekwama mupakani juu ya karatasi ambayo yeye peke yake anaweza kusaini. Wafanyakazi hawajalipwa. Na kodi ya mwezi huu, ile isiyo na ubishi wowote, nayo anashindwa kuilipa kwa sababu kazi imelala. Serikali imemufunga mukono ule ule inaotaka uilipe.

Lakini upande wa pili nao una neno. Kilometa 90 ni saa moja na nusu ya motokari. Akivuka pale Kasumbalesa, Ndola na Kitwe ni karibu, na makuta yanavuka mbio kuliko mutu. Mujaji anayekataa kumuruhusu haiko lazima mubaya. Anaogopa siku ambapo faili litabaki mezani na kiti cha mushitakiwa kitupu, na watu wa redio kama sisi tutauliza: nani alimuachilia?

Basi masharti yabadilishwe namna gani? Hapa sheria imeandika jambo ambalo mawakili wanalijua lakini watu wa kawaida hawalisikiaka. Kifungu kile kile cha 32 kinasema muamuzi anaweza wakati wowote kubadilisha masharti na kuyalinganisha na hali mupya, *kwa ombi la mwendesha mashtaka*. Usome tena maneno ya mwisho. Mulango wa kubadilisha masharti, jinsi ulivyoandikwa, unafunguliwa na ule anayekushitaki. Mushitakiwa anaweza kuomba uhuru wa muda yeye mwenyewe. Lakini akiisha kuupata, kama masharti yanamubana, kwa herufi ya sheria inampasa kwanza kumusadikisha mwendesha mashtaka apeleke ombi.

Kuna njia ndogo pembeni. Sharti la kutotoka muji linasema « bila ruhusa », maana yake ruhusa ipo. Mujaji anayechunguza anaweza kutoa karatasi ya safari moja, ya siku tatu, kwa sababu moja, na masharti yakabaki vile vile. Kwa mufanyabiashara wetu wa Karavia, hii njo njia ya haraka: siku mbili Kasumbalesa, kusaini, kurudi, kujionyesha parke. Na kama faili limekwisha kutoka parke na kufika mbele ya tribinali, ombi linaenda kwa tribinali yenyewe inayosikiliza kesi. Tofauti hii ni kubwa. Watu wengi wanapoteza wiki nzima wakigonga mulango wa parke, kumbe faili lilisha kuhama.

Mimi naona maneno « kwa ombi la mwendesha mashtaka » yangepaswa kuongezwa matatu tu: « ao ya mushitakiwa ». Kwa jirani zetu wa Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inampa mushitakiwa haki ya kuachiliwa kwa masharti yenye kiasi, na sheria yao ya mwenendo wa jinai inaruhusu Mahakama Kuu kupunguza dhamana iliyowekwa na mahakama ya chini ao na polisi. Mushitakiwa anaenda mwenyewe na wakili wake, hangoji mushitaki amuombee.

Tanzania nayo inaonyesha upande mwingine, ule wa giza zaidi, na kesi yake ilikuwa ya kodi. Muandishi wa habari Erick Kabendera alikamatwa Dar es Salaam tarehe 29 mwezi wa saba 2019. Siku chache baadaye akafikishwa mahakama ya Kisutu kwa mashtaka matatu, ndani yake kukwepa kodi ya shilingi zaidi ya milioni 173 na kutakatisha makuta. Kukwepa kodi peke yake kungemuachia njia ya dhamana. Kutakatisha makuta, hapana: kwa sheria yao kosa hilo liko kwa orodha ya makosa yasiyo na dhamana kabisa. Shitaka moja lililoongezwa likafunga mulango wote. Tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili mama yake alikufa. Wakili wake akaomba ahudhurie maziko. Mahakama ikakataa. Hakukuwa na masharti ya kulegeza, kwa sababu hakukuwa na uhuru wa muda. Alitoka tarehe 24 mwezi wa pili 2020, kisha kukubaliana na waendesha mashtaka na kulipa mamilioni ya shilingi.

Ninaweka mufano huo kwa sababu kuna Wakongomani wanasema: tufanye kama Tanzania, mukwepa kodi asitoke. Sawa, lakini ujue unachoomba. Ukiondoa dhamana, anayeamua nani akae ndani si muamuzi tena, ni yule anayeandika jina la kosa juu ya karatasi.

Turudi kwetu. Kesi iliyofundisha watu wengi neno « caution » ni ya Vital Kamerhe, mutoto wa Kivu ya Kusini. Haikuwa ya kodi, ilikuwa ya makuta ya serikali, lakini njia ni moja. Alikamatwa mwezi wa ine 2020, akaomba uhuru wa muda, akakataliwa. Mwezi wa sita akahukumiwa miaka 20. Rufani ikapunguza kuwa 13. Mwezi wa kumi na mbili 2021 Mahakama ya Kasasyo ikamupa uhuru wa muda, kwa dhamana iliyotangazwa ya dola 500 000. Tarehe 23 mwezi wa sita 2022 mahakama ya rufani ya Kinshasa-Gombe ikamuondolea makosa. Uwe ulimupenda ao hapana, angalia kalenda: mutu aliyekuja kuhesabiwa hana kosa alikuwa amekwisha kukaa chini ya ulinzi zaidi ya mwaka mumoja na nusu. Na mwenye kukosa dola 500 000?

Huyo mwenye kukosa hajulikani kwa magazeti. Iko Kasapa, iko Makala. Gereza la Makala lilijengwa kwa watu 1 500. Usiku wa kuamkia tarehe 2 mwezi wa tisa 2024, watu walipojaribu kutoka, serikali ilitangaza vifo 129, na gereza lilikuwa limeshindilia watu mara nyingi zaidi ya kipimo chake, wengi wao hawajahukumiwa. Kasapa ya Lubumbashi nayo ilikuwa na fujo kali mwezi wa tisa 2020, wanawake wakabakwa mule ndani. Tukisema « akae ndani angoje kesi », njo pale tunamutuma.

Lubumbashi yenyewe imeona namna ruhusa ya safari inaweza kuwa na uzito kuliko hukumu. Tarehe 19 mwezi wa tano 2016 parke ilimushitaki Moïse Katumbi kwa kuhatarisha usalama wa nchi. Tena hapo si kodi. Kesho yake, tarehe 20, akiwa na ruhusa ya parke kwenda kujitunza, akapanda ndege kwenda Afrika ya Kusini. Ruhusa ile ilikuwa ya matibabu. Alirudi Lubumbashi tarehe 20 mwezi wa tano 2019, miaka mitatu sawasawa, na mwezi wa nane 2018 alikuwa amezuiliwa pale pale Kasumbalesa asiingie. Kuna wanaosema alikimbia, kuna wanaosema alifukuzwa. Kwa habari yetu ya leo inatosha kuona kwamba karatasi moja ya safari, mukononi mwa parke, inaweza kumutoa mutu ao kumufungia nje. Njo maana siasa ikiingia, naogopa kuona ufunguo huo ukiwa kwa mutu mumoja.

Na sasa sehemu ambayo wasikilizaji wa Kivu wanaijua kwa machozi. Tangu M23 waingie Goma mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu katikati ya mwezi wa pili, tribinali za serikali pale hazikufanya tena kazi kama zamani. Gereza la Munzenze lilivunjwa, watu wakatoka kwa maelfu. Lakini fikiria yule aliyekuwa tayari inje na dhamana: mama mwenye depo ya vinywaji ao mwenye duka la vitenge, kesi ya kodi, sharti la kusaini parke ya Goma kila Jumatatu na kutotoka muji. Jumatatu ile parke haikuwepo. Akakimbilia Beni, ao akapanda boti, ao akavuka Gisenyi na watoto. Kwa karatasi, amevunja masharti mawili kwa siku moja.

Sheria inasema nini juu yake? Kifungu cha 34: mwendesha mashtaka anaweza kumurudisha gerezani mutu aliyevunja masharti. Lakini yule anayesema « sikuvunja » iko na saa 24 tangu kurudishwa ndani, amuandikie muamuzi aliyemuachilia. Saa 24! Kwa mutu aliye Kisangani ao Kalemie, na muamuzi wake ametawanyika kama yeye, hizo saa ni kama dakika. Hapa njo « hali mupya » ya kifungu cha 32 inaonekana kwa macho, kuliko mufano wowote wa Karavia. Vita ni hali mupya. Kuhama kwa parke ni hali mupya. Kungoja mutu akamatwe kwa barriere ndipo aeleze, ni kuchelewa.

Kwa hiyo kama wewe ao mutu wako iko na uhuru wa muda na amehama, hii njo tunaweza kusema bila kuchukua nafasi ya wakili. Ajionyeshe kwa parke ya mahali alipofika, mbele ya kukamatwa, haiko kisha. Awe na kopi ya amri iliyomuachilia na karatasi ya dhamana. Kama vilibaki kwa nyumba Goma, aseme hivyo kwa maandishi, na aandike namba ya faili kama anaikumbuka. Aombe barua yake ipigwe muhuri ya kuipokea, na tarehe, na abaki na kopi. Barua iseme vitu vitatu: niliwekewa sharti gani, kwa nini siwezi kulitimiza pale, na niko tayari kusaini wapi sasa. Asiandike « naomba kesi ifutwe »; hiyo ni habari ingine, na ikichanganywa inafanya barua ikae mezani.

Mufanyabiashara wa Karavia naye afanye vile vile, hata kama motokari yake ni ya bei. Ombi la kwenda Kasumbalesa lionyeshe lori gani, karatasi gani, siku gani anaenda na siku gani anarudi, na nani anabaki nyumbani. Kama kuna sehemu ya kodi ambayo yeye mwenyewe anaikubali, ailipe na aunge risiti ya banki kwa barua. Hiyo haiondoe kesi, lakini inampa mwendesha mashtaka kitu cha kupeleka mbele ya muamuzi, kwa sababu, turudilie, kwa sheria ya leo ni yeye anapaswa kuomba. Na akikataa, wakili aombe jibu hilo liwe kwa maandishi. Neno la mudomo kwa korido ya parke halina muhuri.

Kuhusu makuta kwa korido, tunapokea ujumbe mingi. Dhamana inawekwa kwa karani, na inatoka na karatasi. Anayeomba « ya kubadilisha masharti » bila karatasi, hiyo haiko dhamana. Sheria ya 1959 haina bei ya kubadilisha sharti.